Siku Moja Katika Mji wa Hamburg

Mji wa Hamburg, ulioko kaskazini ya Ujerumani, ni wa pili kwa ukubwa katika nchi hiyo baada ya Berlin, na wenyeji wake wapita watu 1,800,000. Haukujengwa pwani. Uko kando ya mto Elbe, yapata kilomita 100 kutoka baharini, lakini mto huo ni mpana na wenye kina, hata meli kubwa za mizigo huupanda mpaka mjini. Nilipata siku moja tu ya kuutazama, nami nilikuwa peke yangu.

Wako wadhanio kwamba mgeni asiye na mwenyeji haoni kitu. Kwa kweli mtu wa peke yake huenda kwa hatua zake mwenyewe, husimama apendapo, na hana budi kuuliza njia. Kuuliza si ujinga. Watu wa Hamburg husalimu kwa neno moja tu, "Moin," asubuhi na jioni, na mgeni akilijua neno hilo amekwisha fungua mlango. Stesheni nilinunua tikiti ya kutwa, ambayo kwayo mtu aweza kupanda treni za mjini, mabasi, na hata vivuko vya bandarini.

Nilianzia kwenye jumba la baraza la mji, lililomalizika mwaka 1897. Lina vyumba 647 na mnara wa mita 112, nalo limesimama juu ya nguzo za mti zaidi ya 4,000 zilizopigwa ardhini, kwa sababu udongo wa mahali pale ni tope. Si mbali na hapo iko nyumba ya wafanya biashara iitwayo Afrikahaus, iliyojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann. Mlangoni amesimama Mwafrika wa shaba, shujaa wa vita, na uani wako tembo wawili. Mwenye nyumba alitaka kila apitaye ajue mali yake imetoka wapi. Katika mji huu pia ilianzishwa, mwaka 1890, Deutsche Ost-Afrika-Linie, ambayo meli zake zilifika Tanga na Dar es Salaam. Lakini meli hazikuchukua bidhaa peke yake. Tangu mwaka 1904 askari walipakiwa katika bandari hii kwenda kupigana na Waherero na Wanama katika nchi iitwayo sasa Namibia, na watu wa huko wakafa kwa maelfu mengi. Yule shujaa wa shaba hasemi neno juu ya habari hiyo. Yampasa mtazamaji aijue mwenyewe.

Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu mpaka kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mnara wake una mita 147, na ulipomalizika mwaka 1874 hapakuwa na jengo lililoupita kwa urefu duniani. Leo mnara umebaki, lakini kanisa lenyewe ni magofu yasiyo na paa. Mwezi wa Julai 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Waingereza na Waamerika ziliupiga mji huu kwa mabomu siku kadha wa kadha. Usiku mmoja mioto mingi iliungana ikawa tufani, na watu zaidi ya 30,000 wakafa katika mashambulio hayo. Wenyeji wangaliweza kujenga upya kanisa lile kama walivyojenga nyumba zao. Hawakufanya hivyo. Waliuacha mnara na magofu, ili watoto wao waone kazi ya vita kwa macho.

Mkulima wa kahawa angependa zaidi mtaa wa maghala, uitwao Speicherstadt, uliofunguliwa mwaka 1888. Maghala hayo ni ya matofali mekundu, marefu, nayo yamesimama juu ya nguzo za mwaloni. Upande mmoja yatazama barabara, upande wa pili maji, ili mashua ifike ukutani na magunia yavutwe juu kwa kamba mpaka orofa ya juu. Humo kahawa, chai, kakao na viungo vilipimwa, vikachaguliwa na kuwekwa mpaka bei ilipofaa. Mtu aliyechuma buni kule Nyeri au Moshi hakuwaona waliolihukumu zao lake. Nao watu kama 20,000 walihamishwa kutoka mahali pale ili maghala yajengwe. Siku hizi makontena yamechukua kazi ile, na mtaa wenyewe umetiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015.

Karibu na gati za mto iko njia ya chini ya maji, iliyofunguliwa mwaka 1911. Nilishuka kwa lifti kiasi cha mita 24, nikatembea mita 426 chini ya mto Elbe, meli zikipita juu ya kichwa changu. Mtu wa miguu halipi cho chote.

Alasiri nilipanda treni kwenda makaburi ya Ohlsdorf, ambayo ni mapana kiasi cha kuwa na mabasi yake ndani. Humo wamezikwa watu zaidi ya 36,000 waliouawa na mabomu, katika kaburi moja lenye umbo la msalaba. Na humo amelala Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Alitoroka kwao mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani mfanya biashara, Heinrich Ruete, akaletwa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu ya farasi, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika mji asiokuwa na ndugu. Baadaye alifundisha Kiarabu ili apate riziki, akaandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924.

Vijana wetu wengi siku hizi huenda Ujerumani kusoma na kufanya kazi. Yafaa kila mmoja wao, akifika Hamburg, ajipe siku moja ya kutembea. Katika mji huu kiswahili kimefundishwa tangu siku za kabla ya vita vya 1914, na chuo kikuu chake chakifundisha hata leo. Nasi pia yatupasa kuwasoma wenyeji wake, kwa majumba yao na kwa makaburi yao.