West Virginia, Jimbo la Waliohama

Sensa ya mwaka 1950 ilihesabu watu 2,005,552 katika West Virginia, jimbo dogo la milima lililo upande wa mashariki wa Marekani, na sensa ya mwaka 2020 ikahesabu watu 1,793,716. Katika miaka hiyo 70 idadi ya Wamarekani wote ilipanda kutoka takriban milioni 151 hadi zaidi ya milioni 331, na kati ya majimbo yote 50 ni West Virginia pekee iliyokutwa na watu wachache kuliko iliyokuwa nao mwanzoni. Hapakuwa na vita vilivyowafukuza, wala njaa. Kwa sehemu kubwa waliopungua ni vijana waliofunga virago kwenda kutafuta maisha katika majimbo mengine, wakaoa na kuolewa huko, na watoto wao wakahesabiwa huko.

Jimbo la Marekani lina mamlaka mapana kuliko mkoa wa Tanzania, kwa kuwa lina katiba yake, bunge lake, gavana wake na kodi zake. Hata hivyo mpaka kati ya jimbo na jimbo hauna kizuizi, na raia anayevuka kwenda kufanya kazi upande wa pili hahitaji kibali cha mtu. Kwa sababu hiyo kuhama jimbo ni jambo jepesi kwa mhamaji na zito kwa jimbo lenyewe. Anayeondoka anaondoka na kodi yake, na hesabu ya watu ndiyo inayotumika kugawa viti katika Baraza la Wawakilishi, ambalo ni mojawapo ya mabaraza mawili ya bunge la taifa. Katika miaka ya 1950 West Virginia ilikuwa na viti sita katika baraza hilo. Baada ya sensa ya 2020 imebakiwa na viwili.

Ili kuelewa kuondoka huko, ni lazima kwanza kutazama watu walivyofika, na hapa ndipo maelezo mengi hupita haraka mno. Wilaya ya McDowell, iliyo kusini kabisa mwa jimbo na ambayo mji wake mkuu ni Welch, ilikuwa na watu 3,074 mwaka 1880, wengi wao wakulima waliolima mabonde membamba na kuwinda msituni. Katika miaka ya 1880 na 1890 reli ya kampuni ya Norfolk and Western ilipenya katika milima ile kufuata matabaka ya makaa ya mawe ya eneo la Pocahontas, ambayo sifa yake ilikuwa kuwaka kwa moto mkali bila moshi mwingi, na nyuma ya reli wakaja watu kutoka kila upande: Waitalia, Wahungari na Wapolandi walioshuka melini, pamoja na Wamarekani weusi kutoka Virginia, Carolina na Alabama waliokuwa wakikimbia ubaguzi na umaskini wa mashamba ya Kusini. Kufikia mwaka 1950 wilaya hiyo ilikuwa na watu 98,887. Kwa hiyo nyumbani, kwa familia nyingi za McDowell, palikuwa mahali ambapo babu alifika kuajiriwa, na wajukuu wanaohama leo wanarudia alichofanya yeye.

Makazi yenyewe yalijengwa kwa namna iliyomnyima mkazi mizizi. Nyumba zilikuwa mali ya kampuni ya mgodi, nazo zilipangwa kando ya reli na kukodishwa kwa mchimbaji kwa muda ambao angeendelea kuwa kazini. Duka lilikuwa la kampuni. Na katika migodi mingi sehemu ya ujira ililipwa kwa vibati ambavyo duka hilo tu ndilo lililovipokea. Ardhi na madini yaliyo chini yake vilimilikiwa na makampuni yenye makao nje ya jimbo, hivi kwamba faida ya makaa ilisafiri pamoja na makaa. Mgodi ulipofungwa, mchimbaji hakuwa na shamba la kurudia, na bonde lile halikuwa na mwajiri mwingine. Uchumi unaotegemea bidhaa moja una hatari hiyo kokote ulipo, lakini ni mara chache hatari hiyo imeonekana waziwazi kama katika mabonde hayo.

Pigo kubwa lilikuja wakati makaa yalikuwa bado yanachimbwa kwa wingi. Mnamo Machi 1950 chama cha wachimbaji, United Mine Workers of America, kikiongozwa na John L. Lewis, kilitia saini mkataba wa taifa na wenye migodi, ambao uliwapa wachimbaji mishahara mizuri na mfuko wa afya na pensheni uliochangiwa senti 30 kwa kila tani iliyochimbwa, huku chama kikikubali kutozuia mashine. Mashine hizo, zilizokata makaa na kuyapakia kwa mfululizo bila baruti wala sururu, zilifanya kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Lewis aliamini kwamba wachache wenye ujira wa haki ni bora kuliko wengi wenye ujira duni, na msimamo huo una mantiki yake; ila wale waliotolewa katika hesabu hawakuandaliwa mahali pa kwenda. Wakati huohuo reli za Marekani zilikuwa zikiacha injini za mvuke na kuingia dizeli, na nyumba za mijini zikiacha makaa na kutumia gesi. Wachimbaji wa West Virginia, waliokuwa wapatao 125,000 mwishoni mwa miaka ya 1940, walikuwa wamepungua chini ya 50,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. McDowell ilipoteza zaidi ya watu 27,000 katika muongo mmoja tu, na mwezi wa Mei 1961 serikali ya Rais John F. Kennedy, ambaye alikuwa amezunguka jimbo hilo mwaka mmoja kabla akiomba kura, iliichagua wilaya hiyo kuwa mahali pa kwanza pa kujaribia hati za chakula, yaani vyeti ambavyo familia maskini zilitumia kununulia chakula dukani.

Waliohama hawakutawanyika ovyo. Mwanajiografia E. G. Ravenstein, aliyechunguza uhamaji wa watu Uingereza katika miaka ya 1880, alikuwa ameonyesha kwamba wahamiaji wengi huenda mwendo mfupi na kwamba kila mkondo wa watu waendao huzaa mkondo mdogo wa warudio, na mambo yote mawili yalionekana katika milima ya Appalachia, ambamo jimbo hili limo. Watu walifuata barabara zilizoelekea kaskazini hadi Ohio na Michigan, na katika miji ya huko walifuata ndugu waliotangulia. Kijana alifikia kwa shemeji au binamu, akalala kwenye kochi wiki chache, akapelekwa kwa msimamizi wa kiwanda ambaye tayari aliajiri watu wa bonde lile, na mwaka uliofuata akampokea mdogo wake kwa utaratibu uleule. Akron, mji wa viwanda vya matairi vya Goodyear, Firestone na Goodrich, ulipokea watu wengi wa West Virginia tangu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kiasi kwamba watani waliuita mji mkuu wa West Virginia. Wengine walikwenda Cleveland, Columbus, Detroit na Chicago. Ijumaa jioni magari yenye namba za Ohio yaliteremka kusini kwa foleni, kwa sababu mtu aliyeajiriwa umbali wa saa sita au nane barabarani bado aliweza kumzika mjomba wake Jumamosi na kuwa kiwandani Jumatatu asubuhi.

Huko walikofika walikuwa raia wa nchi ileile, wengi wao weupe na wasemao Kiingereza, na bado walidharauliwa kama wageni. Matamshi yao yalichekwa, wenye nyumba waliwakataa, na jina la kuwaita washamba wa milimani lilitumika kama tusi. Mwaka 1992 jiji la Cincinnati lilipopitisha kanuni za kuzuia ubaguzi katika ajira na makazi, liliorodhesha asili ya Appalachia pamoja na rangi na dini. Wachimbaji weusi walioondoka McDowell walikuta tatizo maradufu, kwa kuwa mitaa mingi ya kaskazini iliyomfungia mlango mtu wa milimani ilikuwa imekwisha kumfungia Mmarekani mweusi zamani. Jeshi lilikuwa mlango mwingine wa kutokea: mwimbaji Bill Withers, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha wachimbaji cha Slab Fork, alitoka kwa kujiunga na jeshi la wanamaji, kisha akafanya kazi viwandani California kabla ya dunia kumjua.

Wanauchumi wana maelezo ya jinsi kuhama kunavyolisaidia jimbo lililoachwa, na maelezo hayo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Olivier Blanchard na Lawrence Katz, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, walichunguza kinachotokea jimbo la Marekani linapopatwa na mshtuko wa kiuchumi, kwa mfano kufungwa kwa viwanda. Waligundua kwamba baada ya miaka michache kiwango cha wasio na kazi, yaani sehemu ya wanaotafuta ajira bila kuipata, hurudi kwenye wastani, ila kinachokirudisha hasa ni watu kuondoka, kwa maana ajira zilizopotea hazirudi na waajiri wapya hawaji kwa wingi hata mishahara inaposhuka. Takwimu basi huonyesha nafuu pale ambapo kuna viti vitupu darasani. Jimbo linaweza kutangaza kwamba wasio na kazi wamepungua, na tangazo hilo likawa la kweli kabisa, huku waliopungua wakiwa wako Ohio.

Tena waliobaki si mfano mdogo wa wale wote waliokuwapo. Wanaohama kwa kawaida ni vijana, wenye afya na wenye elimu kidogo zaidi ya wenzao, hivyo nyuma hubaki wazee, walemavu wa migodini wenye mapafu yaliyojaa vumbi, na wale wanaowatunza. West Virginia imekuwa miongoni mwa majimbo yenye wastani mkubwa wa umri, na kwa miaka mingi imekuwa ya mwisho, au karibu na mwisho, katika sehemu ya watu wazima walio kazini au wanaotafuta kazi. Vifo vimezidi vizazi, na janga la dawa za kulevya za jamii ya afyuni, ambalo liliingia kupitia vidonge vya maumivu vilivyoandikiwa watu wenye miili iliyochakazwa na kazi, limeliweka jimbo hilo juu kabisa katika vifo vya aina hiyo. McDowell ilibakiwa na watu 19,111 mwaka 2020. Duka kubwa la Walmart huko Kimball, ambalo lilikuwa mmoja wa waajiri wakubwa wa wilaya, lilifungwa mwezi wa Januari 2016, na pamoja nalo ikaondoka kodi iliyosaidia kuendesha shule.

Kwa hali hiyo ingetarajiwa kwamba watu wangeondoka kwa kasi zaidi kuliko zamani, na kumbe Wamarekani wanahama kwa uchache kuliko wakati wowote tangu hesabu hizo zianze kuwekwa: mwishoni mwa miaka ya 1940 mtu mmoja kati ya watano alibadilisha makazi kila mwaka, na mwaka 2019 hakufika mmoja kati ya kumi. Sababu ni nyingi, lakini iliyo nzito ni nyumba. Mwaka 1953 mtu ambaye hakumaliza sekondari aliweza kufika Akron Jumatatu, akapata kazi iliyo chini ya chama cha wafanyakazi, yenye ujira mara nyingi wa kumtosha kupanga na baadaye kununua nyumba. Leo miji yenye ajira nyingi ndiyo yenye kodi kubwa za nyumba. Mwanasheria anayehamia huko bado anafaidika, kwa kuwa mshahara wake unapanda kuliko kodi, ilhali mfagiaji au mpishi huona nyongeza yote ikimezwa na mwenye nyumba. Nyumba aliyoiacha Welch, ikiwa ni yake, haipati mnunuzi wa bei ya maana. Hata viwanda vyenyewe havipo: utengenezaji wa matairi ya magari madogo ulikuwa umekoma Akron mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa kizazi kilichofuata walielekea Charlotte, North Carolina, kwa barabara kuu namba 77. Hivyo yule ambaye kuhama kungemfaa zaidi ndiye asiyeweza kuhama, na wanaowalaumu waliobaki kwa uvivu wangefanya vyema kupiga hesabu ya kodi ya mwezi wa kwanza na ya dhamana katika mji wa kigeni.

Jimbo zima halikunyauka kwa pamoja. Morgantown, penye chuo kikuu cha jimbo na hospitali zake, inaongezeka watu, na wilaya ya Berkeley iliyo kaskazini mashariki ilifikisha watu 122,076 mwaka 2020 kwa kuwa wakazi wa Martinsburg huweza kupanda treni asubuhi kwenda kazini Washington na kurudi jioni.

Serikali imejaribu kuzuia mkondo. Tangu mwaka 2002 ufadhili uitwao PROMISE huwasaidia kulipa ada wanafunzi wanaofanya vizuri wakisomea vyuo vya ndani, ingawa mhitimu hafungwi na sharti la kubaki. Mwaka 2021 ukaja mpango wa kuvuta watu kutoka nje, Ascend West Virginia, uliowezeshwa na zawadi ya dola milioni 25 ya Brad Smith, aliyekulia Kenova jimboni humo na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya programu ya Intuit, na mkewe Alys. Mtu anayefanya kazi yake kwa kompyuta kutoka popote hulipwa dola 12,000 katika miaka miwili akikubali kuhamia huko, na maeneo ya kwanza yaliyoteuliwa yalikuwa Morgantown, Lewisburg na Shepherdstown. Wilaya za makaa za kusini hazikuwamo katika orodha hiyo, na kwa kuwa mwombaji anatakiwa awe anaishi nje ya jimbo na awe na kazi tayari, mpango huo hauna nafasi kwa mkazi wa Welch anayetafuta ajira.