Je, Wajua Boya Dogo Huzuia Mafuriko Sebuleni?

Chukua tangi la samaki la kioo lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kina cha maji kikipanda sentimita 1 tu, tayari zimeongezeka lita 6. Kikipanda sentimita 5 ni lita 30, na lita 30 zikimwagika usiku sebuleni huharibu zulia, kabati na chochote chenye waya kilicholala sakafuni. Kinachozuia balaa hilo ni kijidude cha plastiki chenye urefu wa kidole: kihisi cha kina cha maji.

Kihisi kinachotumika sana ni boya. Wazo lenyewe ni kongwe. Ktesibios wa Alexandria alitumia boya katika saa yake ya maji karne ya 3 kabla ya Kristo, na katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walieleza kitabuni mitambo iliyofungua na kufunga maji bila mkono wa mtu. Boya la leo lina sumaku ndani yake, nalo huteleza juu na chini kwenye kijiti. Ndani ya kijiti imefichwa swichi ya aina aliyoibuni Walter B. Ellwood mwaka 1936, katika Bell Telephone Laboratories nchini Marekani: vibamba viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa. Sumaku ikikaribia, vibamba hushikana na umeme hupita. Ikienda mbali, huachana. Maji hayagusi umeme hata kidogo, na hapo ndipo uzuri wa kifaa hiki.

Udhaifu wake ni kwamba boya lazima litembee. Konokono akipanda juu yake, mwani ukiota kwenye kijiti, au chumvi ikiganda pembeni, boya hukwama, nalo huendelea kutoa habari ile ile ya jana wakati maji yanapanda.

Kihisi cha mwanga hakina kitu kinachotembea. Ncha yake ni plastiki angavu iliyochongwa kwa pembe, na ndani yake kuna taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho. Ncha ikiwa hewani, mwanga hugonga ukuta wa plastiki na kurudi ndani, ukapokewa. Ncha ikizama, mwanga huponyoka na kuingia majini, na mpokeaji hubaki gizani. Lakini nacho hudanganyika: tone lililonata kwenye ncha au utando wa mwani unatosha. Ndiyo maana mafundi makini huweka vihisi viwili vya aina tofauti, kwa kuwa kinachokwamisha boya si lazima kidanganye mwanga.

Sasa suala la mahali pa kuviweka. Matangi mengi makubwa, hasa ya maji ya bahari, huwa na tangi dogo chini, ndani ya kabati. Maji hushuka kutoka juu kupitia mdomo wa kufurikia, huchujwa, kisha pampu huyarudisha. Jani au konokono akiziba mdomo ule, pampu haijui, inaendelea kusukuma. Pampu ya lita 3,000 kwa saa husukuma lita 50 kila dakika. Basi boya moja hukaa tangi la juu, kidogo tu juu ya kina cha kawaida, na kazi yake ni moja: kuzima pampu.

Umeme ukikatika, hatari huhamia chini. Pampu husimama, na maji ya juu huanza kurudi kupitia bomba lile lile lililoyapandisha, yakijivuta kama petroli inayonyonywa kwa mpira kutoka tangi la gari. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 30 za tangi letu zitashuka, na boya haliwezi kuzizuia kwa sababu pampu imeshazimika. Dawa ni kutoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mvuto huo, na kuacha nafasi ya kutosha katika tangi la chini. Kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, nafasi hiyo ina thamani kuliko kihisi chochote cha bei ghali.

Kuna pia pampu ndogo inayojaza maji yaliyopotea kwa mvuke. Chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo hujazwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Boya lake likikwama chini, maji hayo yataendelea kuingia na kuzimua maji ya bahari, ambayo kwa kawaida hubeba gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, na matumbawe huumia. Usiunganishe mfumo huu moja kwa moja na bomba la mtaani. Tumia ndoo. Ndoo ya lita 10 haiwezi kumwaga lita 11.

Boya la usalama lifungwe waya kwa namna ambayo umeme hupita wakati mambo ni shwari. Hivyo waya ukikatika au kuchomoka, pampu husimama yenyewe. Swichi ile ndogo isibebe mzigo wa pampu kubwa, maana vibamba vyake vinaweza kuungua na kugandana, bali iendeshe rilei, yaani swichi kubwa inayowashwa na kuzimwa kwa umeme mdogo. Kila waya ulegee na kuning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondoke sakafuni.

Tangi lenyewe likipasuka, boya halisaidii. Tangi la AquaDom la Berlin lilipopasuka tarehe 16 Desemba 2022, takriban lita milioni 1 zilimwagika. Kwa uvujaji mdogo wa nyumbani, weka sakafuni kihisi chenye ncha mbili za chuma: maji yakiziunganisha, king'ora hulia.

Ukishafunga vyote, nyanyua boya la usalama kwa kidole, usikie kama pampu inazimika. Rudia kila mwezi, na kila unaposafisha tangi lifute boya na kijiti chake.