Polima Ambatani na Ujenzi wa Tishu za Mfupa: Suala la Istilahi

Tunapozungumzia plastiki zisizodhuru mazingira, tumezoea kusema kwamba 'zinaoza'. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kitenzi hicho hakifai katika taaluma ya uhandisi wa tishu za mfupa. Hata hivyo, hatuwezi kuteua istilahi mwafaka kabla ya kuielewa nyenzo yenyewe.

Mfupa huweza kujiunga wenyewe uvunjikapo. Pengo likiwa kubwa mno, mathalani baada ya uvimbe wa saratani kukatwa, seli hushindwa kulivuka. Kwa kawaida madaktari huchota mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe wakaupachika penye pengo, ila mgonjwa huongezewa jeraha la pili na mfupa wa kuchotwa una kikomo. Vyuma navyo vina ila yake. Chuma cha pua kina ugumu unaokaribia mara 10 ya ule wa mfupa, hivyo hubeba mzigo wote, nao mfupa ulio kando ukakosa kazi na kudhoofika.

Mwaka 1993, Robert Langer na Joseph Vacanti walieleza katika jarida la Science njia nyingine: seli zipewe mahali pa kushika, zijenge, kisha mahali hapo patoweke. Baadhi yetu tungependa kukiita kifaa hicho 'kiunzi', lakini kiunzi cha mifupa tayari kina maana yake. Nalipendelea jukwaa, yaani lile la waashi ambalo hubomolewa ukuta ukishasimama (wenzangu wa tamthilia waniwie radhi). Jukwaa hili huwa na vitundu vingi vilivyounganika, aghalabu vyenye upana wa mikromita 300 hivi, ili seli na mishipa ya damu vipenye.

Mbona polima iwe ambatani? Polima ya asidi ya laktiki ikiwa peke yake hainyumbuliki upesi, lakini ni dhaifu kuliko mfupa mgumu, na seli hazishikamani nayo vyema. Kauri ya haidroksiapataiti, ambayo inakaribiana sana na madini ya mfupa, huvutia seli lakini huvunjika kama chungu. Vikiunganishwa, kimoja hufidia upungufu wa kingine. Hakuna ajabu hapa, kwani mfupa wenyewe ni ambatani ya kolajeni na madini, sawa na nyumba ya fito na udongo. Mwanaisimu atakumbuka nomino ambatani: 'mwanahewa' ni neno moja, ila 'mwana' na 'hewa' bado vinatambulika. Ndiyo maana 'mchanganyiko' hautoshi.

Sasa turejee kwenye kuoza. Kinachooza huliwa na vijidudu, kikanuka. Ndani ya mwili, maji ndiyo hukata minyororo mirefu ya polima hizi kidogo kidogo, hadi ibaki asidi ya laktiki, ileile iliyomo katika maziwa ya mala, ambayo mwili huigeuza kuwa maji na kabonidioksidi. Nyuzi za kushonea vidonda za aina hii zimetumika tangu miaka ya 1970. Muda hutofautiana: polima ya laktiki na glaikoliki kwa nusu kwa nusu humalizika kwa miezi michache, ilhali polikaprolaktoni huweza kuchukua zaidi ya miaka 2. Jukwaa likitoweka mapema, tishu changa huporomoka. Likichelewa, huziba nafasi ya mfupa mpya. Aidha, asidi ikirundikana huchokoza tishu, na hapo madini ya kalsiamu hupunguza makali yake.

Je, daktari amwambie mgonjwa kwamba ametiwa kitu kitakachooza mfupani? 'Kuyeyuka' nako kunadokeza joto, kama barafu juani. Napendekeza 'kumeng'enyeka', kwa kuwa chakula tumboni pia hukatwa kwa maji, ingawa huko vimeng'enya ndivyo huharakisha kazi, ilhali katika polima hizi maji hutenda takribani peke yake. Wanakemia watapinga kwa sababu hiyo, na pingamizi lao lina uzito. 'Kuoza' hata hivyo kuondolewe kwanza.