Malengo ya Dunia: Nani Aliulizwa? (2)

Juma lililopita tuliona jinsi Malengo manane ya Milenia yalivyoandikwa na wataalamu wachache wa Umoja wa Mataifa. Maskini waliokusudiwa hawakuulizwa kitu. Malengo yaliyofuata, yale 17 yaliyopitishwa Septemba 2015, yalitanguliwa na kura ya dunia nzima iliyoitwa MY World. Mpigaji kura alipewa orodha ya mambo 16, akachagua sita yaliyo muhimu zaidi kwake na kwa jamaa zake. Vijana wa kujitolea waliwapelekea karatasi watu wasio na intaneti, na kura nyingi zilipigwa hivyo. Jumla yake ilizidi milioni tisa.

Elimu bora ilishika nafasi ya kwanza, zikafuata afya, ajira, na serikali yenye uaminifu inayowasikiliza watu. Hilo la nne halikuwa na lengo lake katika Malengo ya Milenia. Leo lina makao katika Lengo la 16, ingawa baadhi ya serikali hazikulipenda katika majadiliano yaliyoongozwa na mabalozi Macharia Kamau wa Kenya na Csaba Kőrösi wa Hungaria.

Mabadiliko ya tabianchi yalishika mkia, lakini yamepewa Lengo la 13. Naona ilifaa. Anayeuguliwa na mtoto leo atachagua dawa kwanza, na hilo halina maana kwamba ukame haumhusu. Tena Nigeria, Mexico na India zilitoa sehemu kubwa ya kura kwa sababu wahamasishaji huko walikuwa wengi. Kura ile ilikuwa sauti ya watu, haikuwa sensa.

Turudi kwenye elimu, maana hapo sisi tuna ushahidi wetu. Lengo la Milenia lilidai kila mtoto amalize shule ya msingi. Tanzania ilifuta ada mwaka 2001, Kenya ikafuata 2003, madarasa yakafurika. Kwenye takwimu tulikuwa tunasonga mbele. Ndipo mpango wa Uwezo ulipowatuma raia wa kawaida nyumba kwa nyumba, Kenya, Uganda na Tanzania. Walimkalisha mtoto, wakampa herufi, kisha maneno, kisha aya, mwishowe hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kuisoma.

Mwananchi aliyechagua “elimu bora” kwenye karatasi yake alikuwa akilijua jambo hilo tangu mezani kwake, mtoto alipofungua daftari. Sasa kiashiria cha kwanza cha Lengo la 4 kinapima kama mtoto wa darasa la pili au la tatu anajua kusoma na kuhesabu. Lakini viashiria hivyo viliandaliwa na wanatakwimu wa serikali, na Baraza Kuu likavipitisha mwaka 2017 bila kura yoyote ya wananchi. Kwangu mimi, hapo ndipo walipostahili kuulizwa mara ya pili, kwa kuwa serikali hushughulikia kile kinachohesabiwa.

Juma lijalo: kamati ya viashiria, na mlango mwembamba walioachiwa wananchi.