Joto na Sauti ya Feni katika Kompyuta: Somo la Sayansi kwa Shule za Shinyanga na Geita

Mwalimu wa sayansi hutakiwa aanzie kwenye yale ayajuayo mtoto, ndipo amwongoze kwenye yale asiyoyajua. Shule ipatapo kompyuta ya mezani, hupata pia zana nzuri ya kufundishia mada ya joto. Lakini feni ya mashine hiyo ianzapo kuvuma mchana wa kiangazi, mara nyingi mwalimu huiona kuwa kero. Wako wanaoifunika kwa kitambaa, au kuisukuma hadi ukutani, ili sauti ipungue. Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba sauti hiyo ni taarifa, na kwamba wanafunzi waweza kufundishwa kuielewa.

Joto hutoka wapi?

Karibu umeme wote uingiao katika kompyuta huishia kuwa joto. Prosesa, yaani kile kipande kinachotekeleza amri na hesabu za mashine, huweza kutumia wati 65 au zaidi wakati wa kazi nzito. Tukumbuke kwamba balbu ya kizamani ya wati 60 huunguza vidole. Prosesa hutoa joto la kiasi hicho katika eneo linalokaribia ukucha wa kidole gumba. Joto hilo haliwezi kufutwa. Huweza kuhamishwa tu. Hilo ndilo jambo la msingi ambalo mwanafunzi hana budi kulishika.

Safari ya joto

Kwanza, joto hutoka kwenye prosesa na kuingia katika kipande cha alumini au shaba kwa njia ya mpitisho, kama lipandavyo katika kijiko cha bati kilichoachwa ndani ya uji wa moto. Kipande hicho kina mapezi mengi membamba, ili kiguse hewa nyingi kwa wakati mmoja. Pili, feni husukuma hewa kati ya mapezi, nayo hewa huchukua joto na kutoka nalo nje. Huo ni msafara wa joto unaosaidiwa na feni.

Mfano wa karibu ni mgodi wa chini ya ardhi, kama ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga. Katika migodi ya namna hiyo, hewa safi huingizwa kwa njia moja, na hewa iliyotumika, yenye joto na vumbi, hutolewa kwa njia nyingine. Njia moja ikizibwa, feni huvuma bure. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo: yahitaji mlango wa kuingizia hewa na mlango wa kuitolea. Mfano huu utolewe kwa mchoro ubaoni. Wanafunzi wasitumwe kwenda kutazama maduara ya wachimbaji.

Kwa nini feni hupiga kelele?

Ndani ya mashine mna kipimajoto. Joto lipandapo, feni huamriwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na sauti huongezeka upesi. Feni ikipunguzwa hadi nusu ya kasi yake, sauti hushuka kwa takribani desibeli 15, lakini hewa nayo hupungua kwa nusu. Ndiyo sababu feni pana izungukayo polepole huweza kusukuma hewa sawa na feni ndogo yenye kasi, tena kwa utulivu zaidi.

Mazingira yetu huongeza mzigo huo. Feni haiwezi kuipoza mashine ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Isitoshe, Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya kumi kuliko ile ya pwani, hivyo hubeba joto dogo zaidi. Vumbi la kiangazi nalo huziba mapezi. Joto la prosesa likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, mashine hupunguza kasi ya kazi yake; likizidi, hujizima. Kitambaa cha kunyamazisha feni huleta hasara hiyo hiyo.

Hatua za somo

1. Wanafunzi waguse vijiko viwili, cha bati na cha mti, vilivyokaa katika maji ya moto kiasi, waeleze tofauti.

2. Washike kipande chembamba cha karatasi mbele ya kila tundu la kompyuta, wabaini ni wapi hewa huingia na ni wapi hutoka.

3. Wasikilize feni mashine ikiwa imetulia, kisha ikiwa na kazi nyingi, waandike walichosikia.

4. Mwalimu mwenyewe aizime mashine, achomoe waya wa umeme, aitoe nje na kuifungua. Aondoe vumbi kwa brashi laini na kavu au pampu ya baiskeli, huku akizuia mapanga ya feni yasizunguke. Asitumie kitambaa kibichi. Baada ya kuifunga, wanafunzi wasikilize tena na kulinganisha.

Walimu wanafunzi wazingatie kwamba shule nyingi haziwezi kununua mashine nyingine upesi. Kompyuta iwekwe mbali na jua, iachiwe nafasi ya kiganja kimoja au viwili nyuma yake, isafishwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, na zamu ya kuikagua wapewe wanafunzi wenyewe. Feni ikivuma kuliko kawaida, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza hewa imezibwa wapi.