Anayejinyima chakula akilazwa hospitali, familia itarajie nini?



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia malaria, kisukari, presha na usafi wa maji. Leo tuzungumzie maradhi yaliyomo katika baadhi ya nyumba zetu lakini hatuyaiti maradhi, nayo ni mtu kujinyima chakula mpaka mwili unakwisha, hali ya kuwa chakula kipo.

Binti wa miaka 16 aliletwa na wazazi wake katika kituo nilichokuwa nikifanyia kazi. Mama alisema tumbo linamsumbua, hali. Baba akaongeza, tena kwa fahari, kwamba mwanawe ni mchamungu. Alianza na sunna ya Jumatatu na Alhamisi, sasa anafunga karibu kila siku. Nikamwandikia dawa za vidonda vya tumbo, wakaondoka. Sikumpima uzito wala sikuhesabu mapigo ya moyo. Baada ya wiki kadhaa walimrudisha akiwa amezirai wakati akitawadha. Mapigo ya moyo yalikuwa 38 kwa dakika, na chini ya baibui ilikuwa mifupa mitupu. Tulimpa rufaa, akalazwa, na alhamdulillah yu hai. Lakini siku ya tano familia ilitaka kumtoa wodini, kwa sababu alikuwa akilia na "hospitali inamnyima chakula cha kutosha". Siku ya tano ilikuwa bado ni miongoni mwa siku za hatari. Naandika haya ili mzazi atakayefikwa na mtihani huu ajue mapema kinachofanyika huko ndani na sababu yake.

Maradhi yenyewe

Madaktari wanayataja maradhi ya ulaji kwa aina kadhaa. Anoreksia ni mtu kujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, akijiona mnene hata pale mbavu zinapohesabika. Bulimia ni mtu kula kwa wingi mno kwa siri, kisha kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha. Huyu wa pili uzito wake unaweza kuwa wa kawaida kabisa, ndiyo maana nyumbani hawamshtukii. Wengi wao ni mabinti, lakini wavulana nao hupatwa.

Si maradhi mapya. Jina la anoreksia lilienezwa na Dk. William Gull wa London tangu miaka ya 1870, wala halikutokana na televisheni. Na si mzaha, kwani anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Moyo hudhoofika kama misuli mingine inavyodhoofika, na kwa anayejitapisha, madini ya potasiamu hushuka katika damu mpaka moyo unaweza kusimama ghafla.

Wazazi huuliza, "Kwa nini tusikae naye tu tukamnasihi?" Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Dk. Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume waliojitolea, wote wakiwa wazima wa mwili na akili. Walikonda kwa karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukaa na sahani moja muda mrefu, kuwa na hasira, huzuni na kujitenga na wenzao. Hawa hawakuwa na maradhi ya akili kabla. Njaa yenyewe ndiyo iliyobadilisha fikra zao. Hivyo basi, ndugu msomaji, nasaha kwa mtu aliyekonda kiasi hicho haziingii vizuri mpaka ubongo upate chakula kwanza.

Lini alazwe?

Si kila mgonjwa hulazwa. Wengi hutibiwa wakiwa nyumbani, familia ikisimamia milo. Hulazwa yule aliyezirai, mwenye mapigo ya moyo yaliyo chini sana (chini ya 40 ni hatari), mwenye mwili wa baridi, sukari au potasiamu iliyoshuka, anayekataa chakula na maji kabisa, anayekonda kwa kasi, au anayezungumzia kujiua. Akifikia hapo usisubiri Jumatatu, mpeleke siku hiyo hiyo.

Nchi kama Marekani na Uingereza zina vituo maalumu ambamo mgonjwa huishi kwa wiki au miezi. Huku kwetu kwa kawaida huanzia wodi ya kawaida mpaka moyo utulie, kisha hupokewa na idara ya afya ya akili ya hospitali kubwa. Najua neno "akili" linavyotisha. Watu watasema binti ni kichaa, hatapata mchumba. Lakini mchumba huposa aliye hai. Sitara ya mgonjwa mnaweza kuilinda bila kumkosesha tiba, kwani jirani si lazima ajue amelazwa wodi gani.

Wiki ya kwanza ni kidogo kidogo

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtu aliyeshinda na njaa ya muda mrefu hawekewi sinia la biriani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya wafungwa wa vita waliokombolewa walikufa baada ya kuanza kula vizuri, jambo lililowashangaza madaktari wa wakati ule.

Sababu yake ni kwamba mwili wenye njaa huishi kwa kula mafuta na misuli yake. Chakula cha wanga au sukari kikiingia kwa wingi ghafla, homoni ya insulini hupanda na kuyavuta madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Damu hubaki bila madini hayo, moyo hukosa mpangilio, na maji hujaa mwilini. Hatari hii ni kubwa zaidi katika siku za mwanzo za kulishwa.

Kwa hiyo tarajia kwamba daktari ataanza na vitamini B1, atapima damu mara kwa mara, atapima umeme wa moyo, na atapandisha chakula kwa hatua. Usinung'unike kwamba sahani ni ndogo. Usiingize chakula kwa siri kwenye hotipoti. Na kabla ya kulazwa, usiende kwenye duka la dawa kuomba mgonjwa atundikiwe "dripu ya nguvu". Dripu ya glukosi bila vitamini na bila vipimo yaweza kumfikisha kwenye hatari hiyo hiyo. Vilevile muepusheni na dawa za kumtapisha au kumharisha "ili tumbo lisafike", kwani zinamwaga potasiamu aliyobaki nayo.

Siku yake inavyokwenda

Hali ikitulia, siku hupangwa kwa milo. Kwa kawaida ni milo mitatu na vitafunio mara mbili au tatu, kwa saa maalumu. Muuguzi au ndugu aliyeelekezwa hukaa naye mpaka sahani iishe, na mlo hupewa muda, mara nyingi kama nusu saa. Baada ya kula huangaliwa kwa muda wa saa moja hivi asiende kutapika, na chooni anaweza kusindikizwa. Mazoezi husimamishwa, hata kupanda ngazi kwa makusudi.

Mizani hupandwa asubuhi baada ya haja ndogo, akiwa na nguo nyepesi. Hospitali nyingine humgeuza mgongo asione tarakimu. Familia inayo haki ya kuomba muuguzi wa kike na pazia, lakini isiombe apimwe na baibui. Wapo wagonjwa wanaokunywa maji mengi au kuficha sarafu nguoni ili mizani idanganye. Lengo la kawaida kwa aliyelazwa ni kuongeza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Sasa piga hesabu mwenyewe. Aliyepoteza kilo 15 hatazirudisha kwa siku kumi.

Akikataa kabisa kula, madaktari wanaweza kupitisha chakula kwa mpira mwembamba wa puani. Si adhabu. Ni daraja la kumvusha mpaka aweze kula mwenyewe.

Pamoja na chakula yapo mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, yeye peke yake na pengine pamoja na familia. Kwa anoreksia hakuna kidonge kinachoiponya. Chakula ndiyo dawa, na hutolewa kwa kipimo kama dawa. Kwa bulimia daktari anaweza kuongeza dawa ya fluoksetini.

Machozi, hasira na hila

Tarajia kwamba mwanao ataonekana kuzidi kuumwa kabla ya kupona. Tumbo litajaa gesi, atashiba kwa vijiko vitatu, choo kitakuwa kigumu. Miguu ikivimba, mwambie muuguzi. Ndani ya nafsi, kila kijiko kwake ni kama kuambiwa aingie kwenye moto. Atalia. Atasema mnamchukia. Mtoto aliyekuwa msema kweli ataficha mkate chini ya godoro na kuapa kwamba ameula. Usimwite mwongo wala mnafiki. Maradhi ndiyo yanayosema, na akipona atayaonea haya mwenyewe.

Anapokula, zungumzeni mambo mengine. Msihesabu vijiko kwa sauti, wala msimsifu kwa kusema "sasa umenawiri, umejaza mashavu". Kwako hiyo ni sifa, lakini yeye husikia kwamba amenenepa, na mlo unaofuata utamshinda. Semeni tu, "Nakuona una uhai leo", au nyamazeni mkae naye.

Saumu, swala na kumlazimisha mgonjwa

Baadhi ya wagonjwa wetu hujificha nyuma ya ibada bila hata wao kujua. Tukumbuke kisa cha watu watatu waliojihukumia ibada nzito, mmoja wao akanuia kufunga daima. Mtume (s.a.w.) aliwakataza, akawaeleza kwamba yeye ndiye amchaye zaidi Allah, na bado hufunga na hufungua. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mzazi akiona sunna za mwanawe zinaongezeka huku mwili unakwisha, na hata futari anaikwepa, asijifurahishe.

Ama Ramadhani, aya ya 184 na ya 185 za Suratul-Baqarah zimempa ruhusa mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mgonjwa huyu ni mgonjwa kama mwenye malaria kali. Lakini tarajia kwamba Ramadhani itakuwa ngumu kwake, kwani nyumba nzima imefunga na yeye analetewa uji saa nne asubuhi. Ni vizuri mama au mtu mwingine mwenye udhuru akae naye wakati huo asile peke yake. Qadha nayo asiianze mpaka daktari aseme moyo na uzito vimetengemaa, na masheikh waulizwe kuhusu hali yake mahususi. Swala haiachwi, ila anayezirai akisimama aswali ameketi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa.

Lipo swali nililoulizwa na mjomba wa yule binti, naye ni mtu wa elimu. Je, haikupokewa na Tirmidhi na Ibn Majah hadithi inayokataza kuwalazimisha wagonjwa kula? Ni kweli imepokewa, na wanazuoni wamezungumzia nguvu ya isnadi yake. Lakini tuangalie inamhusu nani. Mwenye homa hukosa hamu kwa siku chache, na mwili ukitulia hamu hurudi yenyewe. Huyu wetu kukataa chakula ndiyo maradhi yenyewe, na akiachwa hafiki kwenye nafuu, anafika kwenye kaburi. Na tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Mjomba aliposikia hivyo ndiye aliyewatuliza wenzake, binti akabaki wodini. Kumsomea Qur'ani hakuna anayekataza. Msomeeni, na sahani iwe mbele yake.

Kurudi nyumbani

Siku ya kuruhusiwa si siku ya kupona. Wengi huhitaji miezi, wengine miaka, na kuanguka tena ni jambo linalotokea sana. Kabla ya kutoka muulize daktari mambo manne, nayo ni ratiba ya milo, uzito ambao ukishuka chini yake arudishwe, tarehe za kliniki, na nani atasimamia mlo wa mchana akiwa shuleni au madrasa. Nyumbani mlo uliwe pamoja, mizani iondolewe chumbani, na utani wa "mnene" na "bonge" ukome kwa watoto wote, kwani kwa wengi safari hii ilianzia kwenye utani.

Yule binti alikaa wodini wiki saba, akarudi tena mara moja kabla ya kutengemaa. Ramadhani ya pili baada ya hapo alifunga kwa idhini ya daktari, siku chache kwanza. Mama yake aliniambia kwamba kilichomliza hakikuwa saumu ile, bali kumwona mwanawe akiisikia adhana ya magharibi na kunyoosha mkono kuchukua tende bila kuambiwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Wabillahi tawfiq.