Kuusoma Mtandao wa Nyumbani Kabla ya Miadi ya Tiba Mtandao

Tiba mtandao humpunguzia mgonjwa wa maradhi ya kudumu, kama kisukari na shinikizo la juu la damu, haja ya kusafiri mara kwa mara kwenda kliniki. Hata hivyo, miadi huweza kuvunjika kwa sababu tu kompyuta ya nyumbani imekosa intaneti. Mgonjwa hudhani kompyuta imeharibika. Mhudumu wa afya naye hudhani mgonjwa hakuhudhuria. Dozi iliyopaswa kurekebishwa siku hiyo hubaki kama ilivyo.

Mara nyingi chanzo ni kidogo, na mtu asiye fundi anaweza kukitambua. Kanuni ni ile ile ya tiba: uchunguzi hutangulia matibabu. Anayebadilisha mipangilio kabla ya kuisoma huweza kuongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Mahali pa kutazama

Katika kompyuta yenye Windows 10 au 11, kitufe chenye nembo ya Windows hubonyezwa pamoja na herufi I, na ukurasa wa mipangilio hufunguka. Hapo huchaguliwa sehemu iliyoandikwa “Network & internet”. Juu ya ukurasa huonekana jina la mtandao na hali yake. Neno “Connected” humaanisha kuwa kompyuta imeunganishwa. “No internet” humaanisha kuwa intaneti haifiki. Akibofya “Properties”, mtumiaji huona taarifa zaidi, ikiwemo anwani ya kompyuta katika mtandao, iliyoandikwa mbele ya “IPv4 address”.

Katika kompyuta za Mac zenye mfumo wa miaka ya karibuni, taarifa hizo hupatikana katika “System Settings”, kisha “Wi-Fi”, kisha “Details” kando ya jina la mtandao unaotumika.

Maana ya kinachoonekana

Ikiwa hakuna jina la mtandao wowote, huenda Wi-Fi ya kompyuta imezimwa, hali ya ndegeni imewashwa, au ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, haina umeme.

Ikiwa anwani inaanza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kutopewa na ruta. Ruta izimwe kwa takriban nusu dakika, iwashwe tena, kisha kompyuta iunganishwe upya.

Ikiwa anwani inaanza na 192.168, ambayo ni ya kawaida majumbani, na bado hakuna intaneti, basi kompyuta na ruta zinawasiliana vizuri. Kasoro huenda iko mbele ya ruta: kifurushi cha data kimekwisha au huduma ya kampuni ya simu imekatika. Hapo kuhangaika na mipangilio ya kompyuta hakusaidii. Kinachofaa ni kuangalia salio au kumpigia mtoa huduma.

Ikiwa intaneti ipo lakini picha inakatika, mgonjwa asogee karibu na ruta, na vifaa vingine vipumzishwe kwa muda. Ikishindikana, mazungumzo ya sauti pekee huhitaji data kidogo zaidi kuliko video.

Tahadhari

Amri ya “Network reset” isiwe hatua ya kwanza, kwa kuwa hufuta mitandao na nywila zilizohifadhiwa. Picha ya ukurasa wenye nywila isitumwe kwa watu. Aidha, mtu asiyejulikana anayepiga simu akiomba kuiongoza kompyuta kutoka mbali asiruhusiwe, kwani humo huweza kuwamo majibu ya vipimo na siri nyingine za mgonjwa.

Inafaa ukaguzi huu ufanyike siku moja kabla ya miadi. Mhudumu wa afya, kwa upande wake, achukue mapema namba ya simu ya mgonjwa na wakubaliane nani atampigia mwenziwe mawasiliano yakikatika. Kimya cha skrini kisihesabiwe kuwa utoro.

Zaidi ya yote, mwenye maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili asisubiri mtandao urejee. Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.